Nora Anataka Kuona

Usiku wa manane jambazi Joe Morelli anaingia na bastola katika chumba cha hoteli walimolala Nick na Nora Charles, mjini New York. Nick anajiinua kitandani na kuanza kuongea naye kwa upole, akivuta muda. Mara polisi wanagonga mlango, Morelli anababaika, na hapo Nick anafanya mambo mawili kwa mpigo: anamchapa mkewe ngumi ya kidevu ili aanguke mbali na njia ya risasi, kisha anamrushia Morelli mto na kumvamia. Risasi inamparuza ubavuni. Chumba kinajaa polisi. Nora anapozinduka halalamikii maumivu wala hatari iliyompitia. Lalamiko lake ni kwamba alijua fika Nick angemweza yule mtu, ila yeye alitaka kumwona akimweza.

Katika The Thin Man, filamu ya studio ya MGM iliyotoka Mei 1934, sioni kauli inayobeba uzito kuliko hiyo. Watu huikumbuka filamu hii kwa martini zake, kwa mbwa wake, kwa mavazi na kwa maneno ya papo kwa papo. Yote hayo yamo, na yote ni matamu. Lakini kilichoifanya idumu miaka tisini ni kwamba walioitengeneza waliijenga juu ya hamu ya mwanamke mmoja ya kuona. Nick ni mpelelezi aliyeacha kazi ili asimamie mali ya mkewe tajiri. Ufundi wake anao bado, lakini haumshughulishi mpaka awepo wa kuutazama, na mtazamaji huyo ni Nora. Kamera, taa, mpangilio wa matukio, hata namna fumbo linavyofumbuliwa, vinafuata kanuni hiyo. Akiwapo Nora filamu inachemka. Akiondolewa inapoa, na utaona jinsi inavyohangaika kumtafutia mbadala.

Kanuni hiyo haikutoka moja kwa moja kwenye riwaya. Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla ya kushika kalamu, alichapisha The Thin Man Januari 1934, miezi michache tu kabla ya filamu. Riwaya inasimuliwa na Nick mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anaiona dunia kwa macho yake: macho ya mtu aliyechoka, anayekunywa tangu asubuhi, asiyeshangazwa na uongo wa mtu yeyote. Nora wa kitabuni ni mchangamfu na mwerevu, lakini tunamwona kwa kadiri Nick anavyoamua kumwonyesha. Sasa, riwaya ya namna hii ikipelekwa kwenye sinema, ile nafsi ya kwanza inapotea. Kamera inamwangalia Nick kwa nje kama inavyowaangalia wengine. Lazima apatikane mtu mwingine wa kutuongoza tutazame wapi na tucheke lini, na ndipo Nora anapopanda cheo. Uhamisho huo wa jicho kutoka kwa mume kwenda kwa mke ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kuigeuza riwaya hii kuwa filamu.

Waliouandika mchezo wenyewe walikuwa mume na mke, Frances Goodrich na Albert Hackett. Inasimuliwa kwamba mwongozaji, W. S. Van Dyke, aliwaambia wasijisumbue sana na kesi ya mauaji, waweke nguvu katika maongezi ya wanandoa. Van Dyke alisifika Hollywood kwa kuridhika na picha ya mkupuo wa kwanza, na filamu hii aliipiga kwa siku zisizotimia wiki tatu. Jina lake lina historia huku kwetu pia. Ndiye aliyeleta kikosi cha MGM Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931, kazi iliyotafuna miezi na fedha na iliyowatazama Waafrika kwa jicho ambalo leo linaumiza kulifuata. Vipande vya picha vya safari ile alivitumia tena katika Tarzan the Ape Man ya 1932, ambamo Jane ni Maureen O'Sullivan, binti yuleyule anayeigiza Dorothy Wynant katika filamu tunayoisoma hapa. Nataja haya kwa sababu Van Dyke alikuwa na mikono ya aina mbili, na mkono wa kubebesha watu mizigo porini sio uliotengeneza The Thin Man. Hapa anafanya kazi ndani ya vyumba, kwa kasi, na kasi hiyo inaonekana usoni mwa waigizaji. Hawajapata muda wa kuyakariri maneno mpaka yakafa.

Filamu haianzi na Nick na Nora. Kwa dakika kama kumi tunakaa na familia ya Wynant: baba mvumbuzi, Clyde Wynant, aliyekonda na mwenye hasira za karibu, binti yake Dorothy anayetaka kuolewa, Julia Wolf, katibu wake ambaye pia ni kimada, anayemwibia. Mpigapicha James Wong Howe, mzaliwa wa China, anaipiga sehemu hii kwa giza zito. Kivuli cha Wynant kinatanda ukutani kikubwa kuliko Wynant mwenyewe. Mwembamba wa kwenye jina la filamu ndiye huyu, si Nick, ingawa studio iliendelea kulibandika jina hilo kwenye filamu tano zilizofuata mpaka watu wakaamini kwamba ni la William Powell, anayemwigiza Nick. Tunapewa watu wanaodanganyana, wanaoviziana mifukoni, kila mmoja akiwa peke yake ndani ya fremu yake au amebanwa na mtu asiyempenda. Kisha Wynant anatoweka.

Ndipo inapoingia baa. Muziki unapigwa, watu wanacheza, na kwenye kaunta tunamkuta Nick akiwafundisha wahudumu kutikisa vinywaji kwa mapigo ya dansi: kila kinywaji na dansi yake, na martini ni ya kutikiswa kwa waltz. Powell anazungumza na chombo mkononi, mabega yakifuata muziki, kila herufi ikitamkwa kwa unadhifu wa mtu aliyelewa anayejua kwamba amelewa. Inasemekana Van Dyke alimwambia aipitie tu sehemu hiyo ili mafundi wapime taa na sauti, kisha akamtangazia kwamba imekwisha pigwa. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilikuwa imefutwa Desemba 1933, miezi michache tu nyuma, na mtazamaji wa 1934 aliyemwona mtu akinywa waziwazi, kwa raha na kwa nidhamu, alikuwa anaona uhuru mpya ukichezwa mbele yake.

Angalia lakini kinachofuata. Nick anatumbuiza, na wanaomtazama ni wahudumu wa baa. Ni hadhira ya kukodi. Halafu mbwa Asta anaingia mbio, akimburuta Nora aliyesheheni vifurushi vya Krismasi, na Nora anaanguka kifudifudi, kanzu ya manyoya na yote, akateleza sakafuni mbele ya ukumbi mzima. Myrna Loy, anayemwigiza Nora, anaanguka kwa urefu wake wote, bila kujikinga. Anaponyanyuka, hakuna aibu usoni, ila uso wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Filamu imemtambulisha mume kwa ustadi na mke kwa mwereka, na mtazamaji wa haraka atadhani mume ametukuzwa na mke amedhalilishwa. Mimi naona kinyume chake. Nick yuko makini na mwendo wake kwa sababu anaigiza. Nora hana haja ya kuigiza. Yeye anaweza kuanguka mbele ya watu na asipungukiwe na kitu.

Muda mfupi baadaye wamekaa mezani. Nora anamuuliza amekunywa martini ngapi. Nick anamjibu kwamba hii ni ya sita. Nora anamgeukia mhudumu na kuagiza tano nyingine zipangwe mbele yake, mara moja. Hakuna hotuba juu ya usawa wa mume na mke, wala haikuhitajika. Kuna hesabu: amechelewa, basi atamfikia. Na Van Dyke anawapiga wote wawili ndani ya fremu moja. Hilo analirudia karibu katika kila maongezi yao. Wanaposemezana, mara nyingi hakati kwenda uso huu kisha uso ule. Anawaacha bega kwa bega, ili tuone mwenye kusema na mwenye kusikiliza kwa wakati mmoja. Uchekeshaji wote umo katika anayesikiliza. Powell anatupa neno. Jicho la Loy linasogea kidogo kabla mdomo haujasogea. Tunajua amelidaka, na tunasubiri atakavyolirudisha. Ukikata picha hapo, ule upenyo kati ya kudaka na kurudisha unaondoka, na utani unabaki maneno matupu. Familia ya Wynant imegawanywa na mikato. Nick na Nora wameachiwa fremu yao nzima.

Mahali ambapo ufundi huu unafika kileleni hakuna neno hata moja linalosemwa. Ni usiku wa tafrija ya Krismasi katika chumba chao cha hoteli. Wamejaa wafungwa wa zamani aliowakamata Nick mwenyewe, waandishi wa habari, mtu mmoja anayelia kwa kumkumbuka mama yake aliye San Francisco na anataka ampigie simu. Wanaimba wimbo wa Krismasi kwa sauti zisizokutana. Nora anapita na vinywaji, na katikati ya vurugu ile anamwambia mumewe kwamba anampenda kwa kuwa ana marafiki wazuri hivi. Loy anayasema maneno hayo kwa furaha ya kweli, na filamu ina akili ya kumwamini. Kisha Dorothy, aliyechanganyikiwa kwa hofu juu ya baba yake, anaangukia kifuani kwa Nick katika chumba cha ndani, na mlango unafunguliwa: ni Nora. Kila mtu aliyewahi kutazama sinema anajua kinachopaswa kufuata. Mke amemfuma mume na msichana mrembo mikononi. Nick anamkunjia uso juu ya bega la msichana. Nora anamjibu kwa kukunja pua. Basi. Filamu nyingine ingetumia dakika ishirini kulea wivu na kuutuliza. Hii inautupa kwa mikunjo miwili ya uso, na tunaelewa ndoa hii kuliko ambavyo tungeielewa kwa ugomvi na mapatano.

Hapa ndipo ulipo ujasiri wa filamu hii kwa wakati wake. Mwaka huohuo wa 1934 ilitoka It Happened One Night, iliyozoa tuzo tano kubwa za Oscar na kuiacha The Thin Man na uteuzi wake wa tuzo nne bila ushindi. Filamu ile ni ya njia iliyozoeleka: mwanamume na mwanamke wanagombana, wanasafiri, wanapendana, na hadithi inafungwa wanapooana. Harusi ndiyo mwisho wa kicheko. Goodrich, Hackett na Van Dyke walianza pale wengine walipomalizia, na hawakuitia ndoa ile ufa ili wapate kisa. Hawakumpa Nick mwanamke wa pembeni, hawakumpa Nora siri. Walichukulia kwamba watu wawili wanaopendana na wanaojuana tayari wanaweza kutosha kuwa tamasha. Hata kitanda hawakukikwepa kabisa. Ndani ya treni ya kurudi California, Nora anaomba Asta alale naye chini. Nick anamrusha mbwa kitanda cha juu, na Asta anajifunika macho kwa mguu. Filamu ilitoka Mei. Julai mosi Hollywood ilianza kuzisimamia kanuni zake za maadili kwa mkono wa chuma, na utani wa namna hii ukawa mgumu kuupitisha. Ona pia ni nani anayekatazwa kutazama hapo. Wakati wote filamu imemlea mtazamaji. Inapofika faragha, mtazamaji wa mwisho anaambiwa inatosha.

Nisiifunike dosari yake. Nora anaitwa mpelelezi mwenza kwenye mabango na kwenye kumbukumbu za watu, lakini filamu inamzuia kupeleleza. Ndiye anayemshawishi Nick aichukue kesi ya Wynant, tena kwa bidii, kwa kuwa ana hamu ya kuona sehemu ile ya maisha ya mumewe aliyoikuta imekwisha. Anapotaka kwenda naye, Nick anamwingiza kwenye teksi na kumwambia dereva ampeleke kwenye kaburi la Rais Grant. Anarudi, anaulizwa limempendeza vipi, anajibu kwamba ni zuri mno na ameagiza la mfano wake lijengwe kwa ajili ya Nick. Jibu ni la mwanamke asiyeshindwa kwa maneno, na Loy analitoa bila kuinua sauti. Hata hivyo mlango umefungwa. Ngumi ya usiku wa Morelli na teksi ya kaburini ni tendo lilelile: mume anaamua mke asione. Filamu inayafanya yote mawili kuwa vichekesho, na la pili kwangu linakwaruza zaidi kuliko la kwanza, maana hapakuwa na risasi.

Lakini umbo la filamu linamlipizia kisasi. Nora akiwa hayupo, Nick anakwenda usiku kuipekua karakana ya Wynant. Howe anarudisha giza la mwanzo: tochi, kuta, vivuli vya mashine. Nick amemchukua Asta, na muda wote anamsemesha. Anamweleza mbwa anachokitafuta, anamtania, anamtia moyo. Mtu huyu hawezi kufanya kazi bila hadhira. Mke akinyimwa nafasi, mbwa anapewa. Ni Asta anayechimbua palipozikwa maiti. Sehemu hiyo imepigwa kwa ustadi, na ndani ya filamu ya kutisha ingekuwa ya kukumbukwa. Hapa lakini unaisikia baridi yake. Utani wa Powell unatoka mdomoni na hauna pa kutua, kwa sababu Asta hawezi kukunja pua.

Ndipo tunafika kwenye karamu. Nick anawaalika washukiwa wote chakula cha jioni. Wahudumu wa mezani ni polisi waliovishwa sare wasiyoizoea. Kumkusanya kila mtu mahali pamoja na kumtaja mwuaji ni desturi ya zamani katika hadithi za upelelezi, na Powell alikwisha kuizoea alipoigiza mpelelezi Philo Vance katika filamu zilizotangulia. Kawaida ya desturi hiyo ni kwamba mpelelezi anajua. Anachokifanya ni kutufunulia kilichokwisha kukamilika kichwani mwake. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla wanaijua raha hiyo vizuri: Bwana Msa akianza kueleza, fumbo limekwisha, na aliye karibu naye anauliza kwa niaba yetu sisi tuliobaki nyuma.

Nick haelezi hivyo. Anakula, anasimama, anazunguka, anasema maiti ya karakanani si ya yule aliyedhaniwa bali ni ya Wynant mwenyewe, aliyeuawa tangu zamani huku nguo za mtu mnene zikiwekwa juu ya mifupa yake ili kupoteza njia. Kamera inapita kwenye nyuso. Kila mmoja yuko peke yake tena, kama mwanzoni. Nick anaendelea kujenga: ilikuwa hivi, kisha hivi. Na katikati ya ujenzi huo Nora, aliyeketi pale pale mezani, anamnong'oneza kumuuliza kama hayo ni kweli. Nick anamjibu kwamba hajui. Basi mbona unayasema? Kwa sababu, anasema, ni kwa njia hiyo tu mambo yanaleta maana.

Sijui kukiri kwingine kwa namna hii katika filamu za upelelezi za miaka hiyo. Mpelelezi anakiri katikati ya ushindi wake kwamba anabuni. Analitengeneza simulizi lenye mantiki na kulitupa mezani mpaka mwenye hatia ashindwe kulivumilia, na hivyo ndivyo inavyokuwa: mke wa zamani wa Wynant, aitwaye Mimi, anapogundua kwamba faida yake imehamia upande wa ukweli na kuanza kufungua mdomo, wakili MacCaulay anachomoa bastola. Kukiri huko Nick hakumpi Luteni Guild wa polisi wala washukiwa. Anampa mkewe, kwa sauti ya chini, wakati wengine wote wanaamini kwamba wako mbele ya mtu anayejua kila kitu. Nora aliyenyimwa ugomvi wa chumbani na safari ya karakanani hatimaye anaoneshwa kitu ambacho hakuna mwingine anayeoneshwa: ndani ya ufundi wenyewe, pale palipo wazi.

Na hapo ndipo ninapoiona filamu ikimpita Hammett. Katika riwaya maelezo ya kesi yanakuja baada ya kila kitu kwisha, mume na mke wakiwa faraghani. Nick anaeleza, Nora anahoji kila hatua, ana uhakika gani, huenda, pengine, na maneno ya mwisho kabisa ya kitabu ni ya Nora ambaye hajaridhika. Ni mwisho mkavu na wa kweli, nami naupenda. Lakini shaka yake pale haina inachokibadili; mwuaji amekwisha kamatwa. Goodrich na Hackett waliichukua shaka hiyohiyo wakaisogeza mbele, wakaiweka mezani wakati bastola bado iko ndani ya koti la mwuaji, ikageuka kuwa swali la mtu anayeona mumewe anacheza kamari na maisha yao na anataka kujua karata zikoje. Nick anamwonyesha karata. Hana kitu mkononi. Nora anageuka, anaendelea kuwakaribisha wageni, na kwa tendo hilo, kuliko kwa upelelezi wowote aliozuiwa kuufanya, anakuwa mshirika wake katika kesi.